Ibn al-Haytham: Mnakili Vitabu Aliyekataa Kudesa

Hapa chuoni hakuna asiyejua desa. Ni yale makaratasi ya kopi ya kopi ya kopi, yanayorithishwa kutoka mwaka wa tatu kwenda mwaka wa pili, mpaka maandishi ya pembeni yamefifia na hakuna anayekumbuka nani aliyaandika kwanza. Siwezi kulisema vibaya desa. Bila madesa wengi wetu tungekuwa tunahesabu sapu. Lakini leo nataka kuwaletea habari za jamaa mmoja aliyeishi kwa kunakili, yaani kunakili ndiyo iliyokuwa ajira yake, na huyo huyo ndiye aliyewafundisha watu kutoliamini andiko mpaka wamelipima.

Aliitwa Abu Ali al-Hasan ibn al-Hasan ibn al-Haytham. Wazungu walilifupisha jina lake wakamwita Alhazen. Amefariki karibu miaka 1000 iliyopita. Kazi yake kubwa ilihusu mwanga: unavyosafiri, unavyorudi ukigonga kioo, na hasa unavyopinda ukitoka kwenye kitu kimoja kuingia kingine, kwa mfano kutoka hewani kuingia majini. Ndiyo ile mada ya sekondari tunayoiita rifraksheni. Kwa sisi wa ualimu tunaojiandaa kwenda kusimama mbele ya darasa, maisha ya mtu huyu yana jambo la kutuhusu moja kwa moja, na nitalifikia.

Kijana wa Basra

Ibn al-Haytham alizaliwa Basra, katika Iraki ya leo, yapata mwaka 965. Basra ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya Bahari ya Hindi, na jina lake linagusa historia ya upande wetu. Huko ndiko watumwa walioitwa Zanj, jina ambalo Waarabu walilitumia kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki, waliasi mwaka 869 wakapigana na dola hadi 883. Alipozaliwa, vita hivyo vilikuwa vimekwisha miaka zaidi ya 80, lakini bila shaka wazee wa mji walikuwa bado na hadithi zake.

Habari za maisha yake tunazipata hasa kwa waandishi wawili wa karne ya 13, Ibn al-Qifti na Ibn Abi Usaybia. Hesabu mwenyewe: hao waliandika karibu miaka 200 baada yake, na masimulizi yao hayafanani kila mahali. Kwa hiyo nitakayoyasimulia kuhusu Misri yachukulie kama tunavyochukua habari ya babu iliyopitia midomo mingi. Mifupa ni ya kweli, nyama nyingine imeongezwa njiani.

Wanasema alipata kazi ya utawala huko Basra, kazi ya meza na mafaili. Haikumkaa. Alichokitaka ni kusoma hesabu, nyota na falsafa. Akiwa huko huko akasikia watu wakilalamika kuhusu Mto Nile: mwaka huu unafurika na kuzamisha mashamba, mwaka ujao maji ni haba na watu wanakufa njaa. Jamaa akatamka kwamba kama yeye angekuwa Misri, angejenga kitu cha kuyadhibiti maji hayo yawafae watu mwaka mzima. Maneno hayo yakasafiri mpaka Cairo, yakamfikia mtawala.

Mtawala aliyepiga marufuku mlenda

Mtawala wenyewe alikuwa al-Hakim, khalifa wa Wafatimi, aliyeketi kwenye kiti mwaka 996 akiwa mtoto wa miaka 11. Mtu huyu hakueleweka. Upande mmoja, mwaka 1005 alianzisha Cairo nyumba ya elimu yenye maktaba kubwa, akaiwekea wasomi, karatasi na wino. Upande mwingine alitoa amri za ajabu ajabu, na waliompinga au hata waliomhudumia vizuri walijikuta wamekatwa vichwa. Mojawapo ya amri zake iliharamisha mboga inayoitwa mulukhiya. Wanadodoma, mnaijua mboga hiyo. Ni ya jamii ile ile ya mlenda wetu. Jaribu kufikiria mtu atangaze leo pale Majengo sokoni kwamba mlenda ni kosa la jinai, halafu upime jinsi watu wa Cairo walivyomwona bwana huyu.

Huyo ndiye aliyemwita Ibn al-Haytham na kumwambia aje atekeleze aliyoyasema. Jamaa akapewa mafundi, akapanda mto kuelekea kusini hadi karibu na Aswan, kwenye maporomoko. Njiani akaona mahekalu na majengo ya Wamisri wa kale, jiwe juu ya jiwe, yamepimwa kwa ustadi mkubwa. Akafikiri: watu waliojua hesabu kiasi hiki, wangeweza kuuziba mto huu, si wangekuwa wameuziba zamani? Alipofika penyewe na kupima mambo kwa macho yake, akaona kwa vifaa vya wakati ule haiwezekani. Bwawa kubwa la Aswan lilikuja kujengwa eneo hilo kati ya mwaka 1960 na 1970, kwa mashine ambazo yeye asingeweza kuziota.

Akarudi Cairo kusema ukweli kwamba ameshindwa. Al-Hakim hakumuua. Alimpa cheo ofisini. Lakini Ibn al-Haytham aliona cheo karibu na mtu wa aina ile ni sawa na kulala jirani na chatu aliyeshiba, siku atakayosikia njaa hujui. Basi akajifanya kichaa. Mali zake zikachukuliwa na yeye akafungiwa nyumbani. Akakaa hivyo mpaka mwaka 1021, al-Hakim alipotoka usiku kwenda vilima vya Muqattam na asionekane tena. Mara tu khalifa alipotoweka, kichaa naye akapona.

Kama kila kipande cha hadithi hii ni kweli, sitakuapia. Lililo wazi ni kwamba kati ya mwaka 1011 na 1021 hivi ndipo wanahistoria wengi wanapoiweka kazi yake kuu, Kitab al-Manazir, Kitabu cha Kuona, chenye sehemu saba. Sehemu ya saba yote inahusu mwanga kupinda.

Jicho si tochi

Ili tuone alifanya nini, tujue kwanza alikuta nini. Wakubwa wa elimu ya kuona wakati ule walikuwa Wagiriki, hasa Euclid, na Ptolemy aliyeishi Alexandria, Misri, katika karne ya 2. Wao walifundisha kwamba jicho ndilo linalotoa miali. Unatazama mbuyu, miali inatoka jichoni, inaenda kuugusa mbuyu, ndipo unaona. Jicho ni tochi, kwa kifupi.

Ibn al-Haytham hakuanza kwa kubishana maneno. Alianza kwa mambo ambayo yeyote anaweza kuyajaribu. Ukitazama jua, jicho linauma. Kama jicho ndilo linalotoa, kwa nini liumie? Ukikodolea macho kitu chenye mwanga mkali halafu ukayafumba, doa la mwanga linabaki ndani. Limefikaje huko? Akasema mwanga ndio unaotoka kwenye vitu na kuja kwetu, ukisafiri kwa mistari iliyonyooka.

Hilo nalo alilipima. Aliweka taa kadhaa kwenye mstari mbele ya tundu dogo la chumba chenye giza. Ndani ukutani yakatokea madoa ya mwanga, moja kwa kila taa. Akiziba taa moja, doa moja linapotea, na ni lile lililonyooka nayo kupitia tunduni. Akiifunua, linarudi. Miali yote inapita tundu moja na haichanganyikani. Jaribio hili lahitaji mishumaa mitatu, boksi na usiku ambao umeme umekatika, na usiku wa namna hiyo haujawahi kuwa adimu.

Lakini nadharia yake ikazaa swali gumu. Kama kila nukta ya mbuyu inatuma mwanga kila upande, basi kila nukta ya jicho inapokea mwanga kutoka kwenye kila nukta ya mbuyu. Kwa nini basi tunaona mbuyu wenye matawi yake, na hatuoni uji mtupu? Hapa ndipo kupinda kwa mwanga kunapoingia. Alijua kwamba mwali unaogonga uso wa maji au kioo wima unapita moja kwa moja, na unaokuja kwa mshazari unapinda. Akasema jicho linapokea kwa nguvu ile miali inayoingia wima tu. Mingine inapinda, inadhoofika, haitusumbui.

Jibu hilo halikuwa sahihi kamili. Mwaka 1604 Johannes Kepler alieleza kwamba lenzi ya jicho inapinda miali yote ya nukta moja na kuikusanya tena kwenye nukta moja nyuma ya jicho, juu ya retina. Lakini Kepler alikuwa analijibu swali la Ibn al-Haytham, na alilipata kwa watu waliokisoma kitabu cha Ibn al-Haytham. Na wote wawili walikubaliana kwamba bila kuelewa mwanga unavyopinda huwezi kuelewa kuona.

Jedwali lililopikwa

Sasa tuje kwenye sehemu ninayoipenda zaidi. Ptolemy alikuwa ameacha jedwali la namba: mwanga ukiingia majini kwa pembe hii, unaendelea kwa pembe ile. Pembe zinapimwa kuanzia mstari unaosimama wima juu ya uso wa maji. Ukiingia kwa nyuzi 10, ndani ya maji ni 8. Kwa 20 ni 15.5. Kwa 30 ni 22.5. Kwa 40 ni 29. Kwa 50 ni 35. Kwa 60 ni 40.5. Kwa 70 ni 45.5. Kwa 80 ni 50.

Chukua kalamu utafute tofauti kati ya namba na namba: 7.5, kisha 7, 6.5, 6, 5.5, 5, 4.5. Zinapungua nusu nusu kama ngazi iliyopigwa na fundi seremala. Yeyote aliyewahi kukaa maabara usiku wa kuamkia siku ya kukusanya ripoti anaijua namba ya aina hii. Mzee alipika data. Huenda alipima chache vizuri, maana kwa 50 na 60 yuko sawasawa na vipimo vya leo, halafu zilizobaki akazinyoosha zikae kwenye mpangilio mzuri. Maji halisi hayajui mpangilio huo. Kwa 80 jibu la leo ni kama 47.6, yeye kaandika 50.

Ibn al-Haytham aliandika kuhusu jambo hilo hilo, lakini kwa namna nyingine kabisa. Kitabu chake hakikuweka jedwali la namba za kukariri. Aliweka maelezo marefu ya kifaa: sahani ya shaba yenye ukingo uliochorwa nyuzi, vitundu viwili vya kunyoosha mwali wa jua, namna ya kuizamisha majini, mahali pa kuweka alama mwanga unapoangukia, namna ya kurudia kwa kioo badala ya maji. Alimwambia msomaji atengeneze, apime, aone. Kisha akaeleza kanuni za jumla: mwanga ukiingia kwenye kitu kizito zaidi unapinda kuusogelea mstari wima, ukitoka unapinda kuukimbia, na pembe ikikua kupinda nako kunakua lakini hakukui kwa uwiano ule ule.

Alipeleka macho hadi angani pia. Alieleza jinsi ya kufuatilia nyota moja, uipime ikiwa karibu na upeo na uipime tena ikiwa juu kichwani, ulinganishe umbali wake kutoka ncha ya anga. Vipimo havilingani, kwa sababu mwanga wa nyota unapinda unapoingia hewani. Jambo hilo tunalo hapa kila jioni. Jua la Dodoma linapoonekana limegusa upeo kwa ukingo wake wa chini, kwa kweli lote limeshazama. Hewa imelipinda mwanga wake kama nusu nyuzi, na upana wa jua lenyewe ni karibu nusu nyuzi hiyo hiyo. Tunaendelea kulitazama kwa kama dakika mbili wakati halipo. Na mchana, kwenye lami ya kwenda Bahi na Manyoni, hewa iliyochemka juu ya barabara ni nyepesi kuliko ya juu yake, mwanga wa anga unapinda na kurudi juu, abiria wanaona dimbwi la maji mbele ambalo gari halilifikii kamwe. Hayo ndiyo mazigazi.

Kwa nini unapinda? Yeye alisema mwanga unapita kwa shida zaidi kwenye kitu kizito, na alifananisha na upanga: ukiupiga wima unakata, ukiupiga mshazari unateleza. Leo tunasema mwanga unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde mahali patupu, kama 225,000 majini na kama 200,000 kwenye kioo. Mwaka 1850 Mfaransa Léon Foucault alithibitisha kwa kupima kwamba majini mwanga ni mwendo wa pole. Fikiria wanachuo kumi wameshikana mikono, wanatembea mstari mmoja kutoka kwenye lami kuingia kwenye mchanga, lakini kwa mshazari. Wa kwanza kukanyaga mchanga anapunguza mwendo, wa mwisho bado yuko lami anakimbiza. Mstari mzima utajikuta umegeuka. Mwanga nao hivyo hivyo.

Alichokikosa

Kanuni yenyewe ya hesabu hakuipata. Alikuwa akilinganisha pembe na pembe, na pembe haziendi kwa uwiano. Kinachokwenda kwa uwiano ni saini ya pembe (ile ya trigonometria, siyo ya kusainia boom). Gawanya saini ya pembe ya hewani kwa saini ya pembe ya majini, utapata kama 1.33 kila mara. Kioo cha kawaida kinatoa kama 1.5, almasi kama 2.42.

La kushangaza ni kwamba mwaka 984, Ibn al-Haytham akiwa kijana, msomi wa Baghdad aitwaye Ibn Sahl alikuwa ameandika kuhusu lenzi za kuunguzia kwa kutumia michoro yenye kanuni hiyo hiyo ndani yake. Kurasa zake zilitawanyika, na ni mwanahistoria Roshdi Rashed aliyeziunganisha na kutangaza mwaka 1990. Mholanzi Willebrord Snell aliipata tena mwaka 1621, akafa mwaka 1626 bila kuichapisha. René Descartes akaichapisha mwaka 1637. Ndiyo maana vitabu vyetu vya sekondari vinaiita sheria ya Snell.

Kazi ya kunakili

Baada ya al-Hakim kutoweka, Ibn al-Haytham aliishi karibu na msikiti wa al-Azhar, Cairo. Cheo hakutaka tena. Inasimuliwa kwamba kila mwaka alinakili kwa mkono vitabu vile vile vya hesabu, kikiwamo cha Euclid na kile kikubwa cha Ptolemy cha nyota, akaviuza kwa dinari 150, na hizo zikamtosha chakula cha mwaka. Alikuwa na mwandiko safi na wateja walimjua.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Mtu huyu alimwandika Ptolemy neno kwa neno, mwaka baada ya mwaka, mpaka bila shaka alikijua kitabu kizima kwa moyo. Mwingine angegeuka shabiki. Yeye akaketi akaandika kitabu kingine, Mashaka juu ya Ptolemy, akionyesha mahali ambapo mkubwa huyo anajipinga mwenyewe. Humo alieleza kwamba anayetafuta ukweli anapaswa kuwatilia shaka wakubwa anaowasoma, na akishamaliza hao ajitilie shaka mwenyewe pia. Mkono wake ulinakili ili apate mkate, lakini akili yake haikunakili.

Alifariki Cairo yapata mwaka 1040. Kitabu cha Kuona kilitafsiriwa kwa Kilatini karibu na mwaka 1200, kikachapishwa Basel mwaka 1572, na wasomi wa Ulaya wakakinoa bongo. Uajemi, Kamal al-Din al-Farisi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 14, alikifafanua upya, na kwa kutumia tufe la kioo lililojaa maji kama tone kubwa la mvua akaeleza jinsi upinde wa mvua unavyotokea. Mwaka 2015, Mwaka wa Kimataifa wa Mwanga, UNESCO walimkumbuka Ibn al-Haytham kwa miaka 1000 ya kitabu chake. Iraki wameweka sura yake kwenye noti ya dinari 10,000.

Sisi na shule tunazokwenda

Sasa lile nililoahidi. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa shule moja ya kata, wilaya ya mbali na mjini, somo la fizikia. Maabara ilikuwa na kuta na bati, ndani stoo ya madawati mabovu. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu waliitaja sheria ya Snell kwa Kiingereza bila kukosea hata silabi. Nikauliza nani amewahi kuuona mwanga ukipinda. Kimya. Walikuwa wananakili Snell kama Ibn al-Haytham alivyomnakili Ptolemy, tofauti ni kwamba wao hawakulipwa dinari.

Watu watasema bila vifaa utafanyaje. Vifaa ni hivi. Moja, bakuli lisilopitisha mwanga na sarafu ya shilingi 200 chini yake. Mwanafunzi arudi nyuma mpaka sarafu imefichwa na ukingo, asimame hapo hapo, mwenzake amimine maji taratibu. Sarafu inapanda, inaonekana. Jaribio hili limo hata kwa Ptolemy. Mbili, chupa ya plastiki iliyojaa maji, na nyuma yake karatasi yenye mshale. Irudishe karatasi nyuma kidogo kidogo, mshale utageukia upande wa pili. Tatu, kontena angavu la mstatili la kuwekea chakula. Lijaze maji, liweke juu ya karatasi, chomeka pini mbili upande mmoja kwa mshazari, chungulia upande wa pili na uchomeke pini nyingine mbili zilingane nazo. Ondoa kontena, unganisha alama kwa rula, pima pembe kwa protrakta. Hiyo ndiyo sahani ya shaba ya Ibn al-Haytham kwa bei ya Majengo sokoni.

Makundi matano yalifanya jaribio hilo la tatu. Walileta 1.29, 1.38, 1.31, 1.41, na kundi la tano likaleta 1.33 kwa pembe zote tano, bila kupanda wala kushuka. Unajua tayari kilichotokea. Wao walikuwa na desa la kaka aliyemaliza mwaka uliopita, wameanza na jibu wakarudi nyuma kutafuta pembe.

Hapa ndipo mwalimu anapopimwa. Ukilipa kundi la tano alama zote kwa sababu namba yao ni ya kitabuni, na kundi la 1.29 ukawakata, darasa zima limejifunza kitu siku hiyo, na mwakani utakuta makundi yote matano yana 1.33. Niliwaomba kundi la tano warudie mbele ya wenzao, na karatasi mpya. Wakapata 1.36. Kijana aliyekuwa ameshika pini akainama tena kuchungulia kwenye maji, akauliza kama anaweza kujaribu na mafuta ya kula kuona kama namba itabadilika. Niliwatuma wakaazime jikoni. Namba ilipanda juu ya 1.4, kama inavyotakiwa kwa mafuta, na katika desa la kaka yao mafuta hayakuwamo.

Mwaka huu tunatoka tena kwenda mashuleni, wengine Kongwa, wengine Mpwapwa, wengine Kondoa. Kwenye begi pamoja na andalio la somo wekeni kontena, pini na protrakta. Haviwezi kufika robo kilo.